Sahani ya Mtani Wetu

Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani pale Kilwa Kivinje alipoanza kufifia macho, alituita wanafunzi wake watatu wakubwa akatuambia tujiandae kwenda Mombasa. Huko alikuwepo shehe aliyemsomesha yeye ujanani. Tungempelekea salamu, na yeye angechagua mmoja wetu abaki kwake miaka miwili asome, kisha arudi Kivinje kushika chuo.

"Sitaki kuchagua mimi," alisema mwalimu. "Nyote ni watoto wangu. Mwacheni aliyenichagua mimi achague tena."

Nadhani alifanya hivyo kwa huruma. Alitujua. Angemtaja mmoja pale kwenye mkeka, mwenzake angekula futari ya mwezi mzima amenuna.

Nasema mmoja na mwenzake, ingawa tulikuwa watatu, kwa sababu mimi sikuhesabiwa. Mwenyezi Mungu, namshukuru, aliniumba na sauti ya kawaida na kichwa cha kawaida, na nilikuwa nimeshazoea kwamba nikisoma hakuna anayeamka wala anayelala. Ushindani ulikuwa baina ya wenzangu. Mmoja alitoka Lindi, Mmwera mwembamba mwenye sauti ambayo akianza kusoma hata wapita njia walisimama. Mwingine alitoka vilima vya Kipatimu, Mmatumbi mfupi wa mabega mapana. Sauti yake ilikuwa kama jembe linalogonga jiwe, lakini alihifadhi kila alichosomeshwa. Ukimwamsha usingizini ukamtajia neno moja, alikupa yaliyofuata mpaka umwombe anyamaze. Mimi kwetu ni Mitole, na wao waliniita hivyo hivyo, Mitole, kama vile kijiji chote kilisafiri ndani ya kanzu yangu.

Wawili wale walikuwa watani. Koo zao zilitaniana tangu mababu, utani wa kuzikana, ambao kwetu kusini si mchezo wa watoto. Mtani ana haki ya kukuambia lolote mbele ya yeyote, kukunyang'anya kofia njiani, kukuliza kwa kicheko msibani. Nawe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika umeshindwa, na unalipa kuku. Mtu wa tatu haingilii. Nilikaa nao miaka mingi nikisikia maneno ambayo mtu baki akiyatamka damu ingemwagika, na wao wakila ndizi moja wakigawana.

Tukapata vyeti vya ruhusa kutoka kwa bwana wa boma, tukapanda meli ya pwani pale Masoko, abiria wa sitahani. Nilibeba mizigo ya wote watatu, kwa sababu kila mmoja wa wenzangu alikuwa akitunza nguvu zake kwa ajili ya Shehe. Yule wa Lindi alikunywa maji ya tangawizi njia nzima na kujifunga shuka shingoni upepo usimharibie koo. Yule wa Kipatimu, ambaye bahari ilimtapisha kabla hatujaiacha bandari, alisoma kimoyomoyo huku ameshika ndoo.

"Mtani," alisema yule wa Lindi, "ukitapika hivyo na ulivyohifadhi vitatoka."

"Vyangu viko kichwani. Vyako ndivyo viko kooni, ukikohoa tu vimekwisha."

Mombasa tulipokelewa vizuri kuliko tulivyostahili. Shehe alikuwa mzee mdogo wa umbo, mwenye maneno machache na makubadhi ya ngozi yaliyochakaa. Alitupa chumba cha ukumbini, mke wake na dada yake wakatupikia kama wana wao. Siku ya kwanza tu, baada ya alasiri, alimwomba yule wa Lindi asome. Akasoma. Shehe akafumba macho, akasema, "Mashallah. Soma tena hapo hapo." Akasoma tena. Kisha akamwomba yule wa Kipatimu, naye akasoma bila kukosea herufi. Shehe akasema, "Ahsante."

Hilo "ahsante" lilimtesa rafiki yangu usiku na mchana.

"Umesikia, Mitole? Yeye mashallah, mimi ahsante. Ahsante ni ya mtu aliyekuletea maji."

"Ahsante ni neno jema."

"Basi lichukue wewe."

Toka hapo wakaanza kugombania kumtumikia Shehe, na mimi nikawa na starehe ya kutazama. Walishindana kuamka, kila mmoja akitaka awe wa kwanza kumjazia birika la udhu, mpaka siku moja walilijaza wote wawili na ukumbi ukawa kidimbwi. Halafu ikaja habari ya makubadhi. Kwetu mwanafunzi mwenye adabu humgeuzia mwalimu viatu vyake pale mlangoni, vielekee nje, ili akitoka avae bila kuhangaika. Yule wa Lindi akatoka kimyakimya darasani akayageuza. Baadaye kidogo yule wa Kipatimu akajifanya anakwenda kukohoa nje, akayageuza. Shehe alipotoka alikuta makubadhi yake yanatazama ukutani kama alivyoyaacha. Aliyavaa kinyumenyume kwa subira. Siku ya pili yakatazama ukutani tena. Siku ya tatu niliwaambia, na kila mmoja akaapa kwamba ni mwenzake aliyeyageuza mara ya pili.

Walimu wetu walitufundisha kwamba kuitamani neema ya mwenzako ili nawe upate kama hiyo hakuna ubaya, na jina lake ni ghibta. Kutaka imwondokee ndiyo husuda, nayo hula mema ya mtu. Sote tuliijua tofauti hiyo vizuri. Yule wa Kipatimu angeweza kukusomea na ushahidi wake. Lakini kuijua ukiwa umekaa kwenye mkeka Kivinje ni kitu kimoja, na kuijua mwenzako anapoambiwa mashallah mara mbili ni kitu kingine.

Sasa likatokea jambo lenyewe. Ilikuwa mchana, tumekaa kuzunguka sinia la wali wa nazi pamoja na Shehe, na samaki wa kupaka juu yake. Mke wa Shehe, aliyekuwa nyuma ya pazia la mlango wa ndani, alisema tule tusione haya, hasa yule kijana wa sauti, maana alimwona mwembamba. Yule wa Kipatimu akasafisha koo.

"Mama, msimhangaikie huyu kwa samaki. Hawa kwao ni wala panya. Mleteeni panya wa kuchoma muone atakavyolisafisha sinia, na mkia atautumia kama msuwaki."

Kivinje tungecheka mpaka wali uturuke, na yule wa Lindi angemjibu neno baya zaidi. Lakini alikuwa mbele ya Shehe na hakutaka kuropoka. Akafanya lile moja analoruhusiwa mtani asiyetaka kujibu. Alicheka, akainamisha kichwa, akaendelea kula. Nilicheka na mimi. Ni baadaye sana nilikumbuka kwamba Shehe hakucheka, na kwamba nyuma ya pazia palikuwa kimya.

Kesho yake chakula kilipokuja, yule wa Lindi aliletewa sahani yake peke yake. Sahani ya bati, yenye maua ya buluu, wali umepangwa, kipande cha samaki pembeni. Sisi tuliobaki tukala sinia moja na Shehe kama kawaida.

Mwenyewe aliipokea kwa mikono miwili. Alikula polepole, akiwa amenyoosha mgongo, na akaacha tonge moja kwa heshima, kama wafanyavyo wageni wakubwa. Yule wa Kipatimu alikosa hamu.

"Umeona?" alininong'oneza. "Ameshachaguliwa. Watu hawampi mtu sahani yake bure."

"Labda sinia limekuwa dogo."

"Sinia hilo linaenea harusi!"

Siku iliyofuata Shehe aliacha somo tulilokuwa nalo akasomesha habari za vyakula: wanyama walio halali na walio haramu, wenye kucha, wenye kuishi mashimoni, na namna ya kukisafisha chombo kilichoguswa na najisi. Alisomesha kwa upole mkubwa, na muda wote alimtazama yule wa Lindi. Yule wa Lindi akawa anatikisa kichwa kwa bidii, hata akauliza maswali. Shehe alimjibu kila swali kwa sauti ya mtu anayezungumza na mgonjwa.

"Somo zima anamtazama yeye," alisema yule wa Kipatimu tulipotoka. "Mimi ningesimama kwa kichwa asingeniona."

Nakiri kwamba hata mimi nilidhani mambo yamekwisha, na kwamba mtu wa sauti ameshapata nafasi. Mpaka nilipokwenda uani kuteka maji kisimani, nikamkuta dada yake Shehe amechuchumaa, anasugua ile sahani ya maua kwa majivu na ndimu, kwa nguvu ambazo sahani haikuzihitaji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Unajichosha, mama. Nipe nikusaidie."

"Hii siiwachi, mwanangu. Hii ni ya yule mwenzenu wa panya. Naisugua, kisha naianika mbali na vyombo vyetu."

"Panya gani, mama?"

"Si mwasema wenyewe! Na alipoambiwa, kwa mato yangu nilimwona ateka. Mtu akisingiziwa huteka?"

Kimvita macho ni mato na kucheka ni kuteka, na nilihitaji kitambo kidogo kumwelewa. Nilipomwelewa nilikaa chini pale pale kando ya kisima. Mama yule akashusha sauti.

"Shehe yuasikitika mno. Ile sauti alikuwa keshaipenda. Lakini atamwekaje nyumbani mtu kama yule, akamkabidhi wana wa watu? Meli ikija atabaki yule mfupi. Ndivyo asemavyo."

Niliwakuta wenzangu barazani nikawaeleza yote, sahani na majivu na ndimu. Yule wa Kipatimu alicheka mpaka akashika nguzo.

"Sahani ya heshima!" alisema. "Umeacha tonge! Umewaachia tonge, mtani, na paka amelikataa!"

Yule wa Lindi alikuwa akitazama mikono yake. Nikamalizia habari iliyobaki, kwamba kwa sababu ya panya hao Shehe ameamua kumbakiza yule wa Kipatimu.

Kicheko kikakatika. Kisha yule wa Lindi akainuka, akajipangusa kanzu, akasema anakwenda msikitini.

"Nenda kwa Shehe ukaeleze," nilimwambia yule wa Kipatimu tulipobaki wawili.

"Nikaeleze nini? Utani wetu haukuanza leo."

"Watu wa hapa hawaujui."

"Basi akaeleze mwenyewe. Mdomo anao, tena wa kusifiwa."

"Akieleza atakuwa amekasirika. Utamdai kuku."

"Nitamdai," alisema, na alikuwa karibu kucheka, lakini hakucheka.

Niliwaza kwenda mimi. Lakini mimi si mtani wao, na neno langu lingeonekana la kumfichia rafiki aibu. Aliyeweza kuliondoa lile neno ni aliyelisema. Nikamwambia hivyo pia.

"Mitole," alisema, "unajua mimi tangu nianze chuo sijaambiwa mashallah na mtu? Mama yangu anakaa kule vilimani, anawaambia watu mwanangu atakuja kuwa mwalimu. Nimesoma kuliko huyu. Unajua nimesoma kuliko huyu."

"Najua."

"Na sikusema uongo. Nilitania tu."

"Ni kweli, ulitania."

"Basi kosa langu liko wapi?"

Alikuwa anajua mwenyewe. Siku ile alitania kwa haki yake, na hakuna wa kumlaumu. Kosa lilikuwa linazaliwa pale barazani, tukiwa tumekaa, kila dakika aliyoendelea kukaa.

Alikaa siku ile, na siku ya pili yake. Sahani ya maua ikaja, na yule wa Lindi akala chakula chake chote, macho chini, bila kuacha tonge. Hakulalamika, hakumnunia mtani wake, na alipoombwa chumvi aliitoa. Hilo ndilo lililomshinda yule wa Kipatimu. Kama angetukanwa, nadhani angevumilia vizuri sana.

Siku ya tatu, tulipokuwa tumemaliza kula na Shehe ananawa mikono, yule wa Kipatimu akapiga magoti mbele yake ghafla mpaka birika likaanguka.

"Shehe, huyu hali panya."

Shehe akamtazama. "Nani alisema anakula?"

"Mimi, Shehe. Lakini ni mtani wangu." Akaanza kueleza, kwa haraka, maneno yakigongana: mababu, kuzikana, kofia, kuku. Nilimsaidia pale alipojikwaa. Shehe alisikiliza kama anayesomewa kitabu cha lugha asiyoijua.

"Yaani huko kwenu Tanganyika," alisema mwisho, "mtu humtukana rafiki yake mbele za watu, na rafiki akinuna ndiye mwenye makosa?"

"Ndiyo, Shehe."

"Na yeye ana haki ya kukutukana wewe?"

"Kama mimi kwake, Shehe."

Shehe akamgeukia yule wa Lindi. "Basi mjibu, nisikie."

"Nina adabu mbele yako, Shehe. Nikianza utanifukuza."

"Anza."

Yule wa Lindi alikuwa amekaa na maneno siku zote zile, na nadhani yalikuwa yameshaanza kumuumiza mbavu.

"Shehe, huyu hapa, alipoletwa Kivinje kutoka milimani kwao, hajapata kuona bahari. Siku ya kwanza akaiona imejaa, akanyamaza. Siku ya pili akaja saa ya maji kupwa, akakuta matope. Shehe, alikimbia mpaka bomani kumwambia askari bahari imeibiwa! Askari akamuuliza, unamshuku nani? Akasema, nimeona mama mmoja anaondoka na ndoo."

Kicheko cha kwanza kilitoka nyuma ya pazia, kikali, cha mtu aliyeshindwa kujizuia. Ni dada yake Shehe. Kisha mke wa Shehe naye. Shehe mwenyewe alifunika uso kwa kilemba, na mabega yake yakatikisika.

"Na kwa nini hukumwambia kwamba mama yule alikuwa shangazi yako," alijibu yule wa Kipatimu pale pale, machozi yakimtoka, "na ndani ya ndoo mlikuwa na..."

"Basi, basi!" alisema Shehe. "Wanyama hao nimeshawasomesha."

Alipotulia alituomba kimya. Alimwita yule wa Kipatimu asogee karibu.

"Mwanangu, ulijua kwamba ningekubakiza wewe?"

"Nilijua, Shehe."

"Na ulijua ukisema haya atabaki yeye?"

"Nilijua."

"Na umesema."

"Nimechelewa, Shehe. Nilijua tangu juzi."

Shehe aliweka mkono juu ya kichwa chake akamwombea dua, ndefu, kwa sauti ya chini ambayo sisi wengine hatukuisikia. Alipomaliza alisema, "Mashallah." Sijui kama lilikuwa la dua au la mtu. Sikuuliza, na rafiki yangu alilichukua kama lake.

Meli ilipokuja tulirudi wawili. Yule wa Lindi alitusindikiza bandarini na mfuko wa mahamri aliopewa na dada yake Shehe, ambaye tangu siku ile alikuwa akimjazia chakula kupita kiasi ili kujitakasa na lile jambo. Watani wale hawakuagana kwa maneno mazuri. Yule wa Kipatimu alimnyang'anya kofia yake mpya ya vito, akaivaa, ikamkaa kichwani kama kikombe juu ya mtungi, akapanda ngazi bila kugeuka. Yule wa Lindi alibaki chini kichwa wazi, anacheka, anapangusa macho.

Safari ya kurudi bahari ilikuwa tulivu na rafiki yangu hakutapika. Hiyo ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu hakuwa na la kufanya. Alikaa juu ya mizigo, kofia ya mwenzake kichwani, akitazama maji. Nilimsomea kidogo, akasikiliza. Nilimpa hamri, akala nusu. Tulipopita Unguja aligeuka akanitazama usoni kwa muda mrefu.

"Mitole," alisema, "hivi pua yako hiyo uliipata kwenu, au mliigawana kijiji kizima na wewe ukabaki na fungu la wote?"

Nilinuna. Nilinuna kweli, nikamgeuzia mgongo. Mimi si mtani wake, na pua yangu niliirithi kwa baba yangu, Mungu amrehemu.

Alisubiri. Kisha nikasikia anavuta pumzi nyuma yangu.

"Unaona?" alisema. "Miaka miwili. Sasa mimi nitamtukana nani?"

Nikageuka, nikachukua ile nusu ya hamri iliyobaki, nikaimega, tukala.